Pazia Lenye Mfereji Unaovuja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya kwato za ng'ombe, nikaambiwa nizichemshe mpaka zilainike. Nilikuwa nimevaa shati langu la Idi, maana nilikuwa nimeambiwa nimepata kazi ya studio, na mimi kwa akili zangu za Ujiji nilidhani studio ni mahali pa kukaa kitini na kuonekana. Kufika adhuhuri shati lilikuwa linanuka machinjio, na mbwa wawili wa mtaani walikuwa wamelala mlangoni wakinitazama kwa mapenzi makubwa. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuchora mapazia ya picha hapa Nakuru. Vijana wa leo hamuijui kazi hiyo, na ndiyo sababu nimeona heri niandike kabla na mimi sijakunjwa na kuwekwa juu ya kabati.

Pazia la picha lilikuwa kitambaa kipana kilichotundikwa nyuma ya mtu anayepigwa picha. Leo mnapiga picha popote mlipo, kisha mnabadilisha kilicho nyuma kwa kidole. Mkitaka Paris, mnaipata kabla chai haijapoa. Sisi Paris tuliichora. Tulichora ngazi za majumba ambayo hatujaingia, bustani zenye sanamu, na ndege ya abiria ambayo mpiga pasi wa hoteli angesimama mbele yake akiwa ameshika begi la kuazima. Watu walijua kwamba si kweli, na waliotumiwa picha walijua pia, lakini picha ya mtu aliyesimama mbele ya ukuta mtupu ilionekana kama picha ya mahabusu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unatanua kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao na kukipigilia misumari. Unakipaka gundi, ile ya kwato, ili kisinywe rangi. Gundi ikikauka unapaka chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi nyingine kidogo, na hapo kitambaa kinakuwa laini kama ubao wa darasani. Ukikosea kipimo cha gundi, pazia litapasukapasuka siku ya kwanza likikunjwa, na mwajiri wako atakuita majina ya wanyama. Mimi niliitwa takriban wanyama wote wa Bonde la Ufa.

Nilifikaje Nakuru? Nilitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa treni hadi Mwanza, kwa meli hadi Kisumu, kisha treni tena. Nilikuwa namfuata mjomba aliyekuwa mpishi wa mzungu huko Njoro. Nilipouliza stesheni, niliambiwa mzungu yule amehama na mpishi wake, na hakuna ajuaye walikokwenda. Nilikaa juu ya kikapu changu, machozi yakinilengalenga, mpaka akaja mzee mrefu aliyenyooka kama mlingoti, amevaa soksi za jeshi zilizovutwa hadi magotini.

"Umeshukia kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa mjomba. Lakini hayupo."

"Basi umeshukia kwangu. Kwenu wapi?"

Huyo ndiye tuliyemwita Sajini, Mnyasa, mtu wa Malawi ya leo, aliyestaafu jeshini akalowea Nakuru. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wageni pale mtaa wa Bondeni. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kwenda stesheni treni ya Kisumu inapoingia na kutazama nani ana uso wa kupotea. Aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia kwetu nilikuwa nachora nakshi kwenye mitumbwi ya wavuvi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nakuru tuna ziwa," akasema, "lakini halina samaki wala mtumbwi. Lina ndege tu. Twende, nitakupeleka kwa mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mwenye studio, Mhindi mnene, mpole na mwenye haraka, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Picha. Alinipa kipande cha mkaa nichore kuku ukutani. Nikachora. Akamtazama yule kuku kwa muda, akasema, "Huyu kuku nataka kula mimi. Iko sawa. Kesho kuja." Kesho yake ndiyo ile ya kwato.

Kosa langu kubwa la kwanza linachekwa mpaka leo na wachache waliobaki wanaolikumbuka. Bwana Picha alisafiri kwenda Kampala kuona ndugu, akaniachia pazia jipya nilichore nitakavyo. Nikataka kumshangaza. Nilikuwa nimemwona Bwana Picha kila mara akichora kwa masizi, chaki na udongo wa kahawia tu, nikadhani ni ubahili. Nikanunua rangi. Nikachora Ziwa Nakuru machweo, mbingu nyekundu, na heroe, wale ndege mnaowaita flamingo, wamejaa majini, waridi na wekundu wa kupendeza. Watu waliingia dukani kutazama tu. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma hatua kadhaa nikajipongeza kwa sauti.

Alhamisi wakaja maharusi, karani wa reli na mkewe. Bwana Picha alikuwa amerudi usiku uliopita, hajalitazama vizuri lile pazia, na maharusi walikuwa na haraka. Akapiga. Alipotoka chumba cha giza, pale picha zinaposafishwa kwa dawa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wewe," akasema, "kuja ona harusi yako."

Ndugu zangu, filamu na sahani za kioo za studio zetu siku hizo zilikuwa haziioni rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi tii, na buluu ilitoka nyeupe. Kwa hiyo bibi harusi alikuwa amesimama chini ya mbingu nyeusi ya gharika, na nyuma yake ndege weusi wengi, kama kunguru waliokuja kugombea mzoga. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mara ngapi mimi nasema? Hapana chora kwa macho yako. Chora kwa macho ya kamera!"

Maharusi walirudiwa picha bure mbele ya pazia la ngazi. Lakini karani yule aliiomba na ile ya kunguru, akaiweka, na kila akigombana na mkewe husema kwamba alionywa mapema. Mimi kuanzia hapo nilijifunza kuiona dunia bila rangi. Hata leo nikimwona mtu amevaa shati jekundu, moyoni namwona amevaa nyeusi.

Bwana Picha alinifundisha na kanuni nyingine iliyonilisha maisha yangu yote: pazia zuri ni lile ambalo halijaisha. Katikati lazima uache mahali patupu, pasipo na mti wala nguzo wala dirisha, kwa sababu hapo ndipo atakaposimama mwenye picha. Ukiweka mnazi nyuma ya kichwa chake, atatoka na pembe. Alisema mchoraji mwenye majivuno hujaza pazia lote, kisha mteja hana pa kukaa.

Baada ya hapo nikapandishwa cheo, nikawa mtu wa safari. Tulikuwa tukienda Molo, Gilgil na Naivasha siku za mishahara ya mashamba, tunatundika pazia kwenye ukuta wa stoo ya pareto au wa duka, na wafanyakazi wanapanga foleni wamejipaka mafuta. Gilgil kuna upepo usio na adabu. Siku moja familia nzima ilikuwa imesimama, baba, mama na mapacha, Bwana Picha amejifunika kitambaa cheusi cha kamera, na upepo ukaling'oa pazia, ukawafunika wote wanne, ukaenda nao hatua kadhaa. Tukasikia sauti ya baba kutoka ndani ya bustani ya Kizungu ikiuliza, "Tayari?"

Sasa nieleze habari za chama, kwa kuwa kazi yangu na chama vilikuwa mtu na kivuli chake. Tulikuwa wageni wa kila namna pale Bondeni: Wanyasa, Waganda, Wamanyema, sisi wa Ujiji, na mmoja wa Ruanda aliyekuwa akishona viatu. Mtu akiugua tunamtembelea, akifa tunamzika, akioa tunampigia ngoma. Na mgeni mpya akifika, Sajini alikuwa na desturi yake aliyoiita picha ya kufika. Kila aliyeingia Nakuru lazima apigwe picha na itumwe kwao, ili wajue mtoto wao hakupotea njiani. Chama kilikuwa na koti moja kwa kazi hiyo, la rangi ya majivu, limekosa kifungo cha katikati. Ukiwa mfupi lilikuwa kanzu, ukiwa mrefu lilikuwa kizibao. Wote tulilivaa, na wote tuliweka mkono kifuani kuficha kile kifungo, kwa hiyo jamaa zetu wote wa huko makwetu waliamini kwamba Nakuru watu husimama wameshika tumbo.

Wanachama waliniomba niwachoree pazia la chama, lenye sura ya kwetu. Hapo ndipo nilipojua uzito wa neno hilo. Mnyasa mmoja akasema kwetu ziwa liko hivi na mlima uko huku. Mganda akasema kwetu ni migomba. Yule wa Ruanda akasema mlima hauwezi kuwa mmoja, kwetu ni milima mpaka uchoke. Waligombana hadi uji ukapoa. Mwishowe Sajini akapiga meza: "Anayeshika brashi ndiye mwenye kwao. Chora Ujiji, wengine watafikiria."

Nikachora Ujiji. Nilichora michikichi, mitumbwi imepandishwa mchangani, dagaa wameanikwa, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo kama unavyoiona hewa ikiwa safi. Nilichora kwa masizi na chaki tu, na bado nilipomaliza nililia. Nilikuwa sijamwona mama yangu tangu niondoke. Nikajipiga picha mbele ya pazia hilo nikiwa na lile koti, nikampa Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa dagaa na mawese aliyekuwa akija huku kwetu na kurudi Ujiji, amfikishie mama.

Wakati huo ilikuwa Hali ya Hatari, siku za vita vya Mau Mau. Sitaandika mengi juu yake hapa. Majirani wetu wengine waliondolewa asubuhi moja na sufuria zao zikabaki mekoni, na kuna niliowapenda sikuwaona tena. Kwa upande wa kazi yetu, watu walitaka picha za vipande, vile vitambulisho vya serikali, na picha ya kipande ni uso tu mbele ya shuka jeupe, haihitaji mchoraji. Bwana Picha akachoka, akaamua kuhamia Kampala kwa nduguze. Kama kiinua mgongo aliniachia kamera yake kuukuu ya miguu mitatu na pazia la ngazi. Alinishika mkono, akasema, "Wewe nachora vizuri kuliko mimi. Lakini hapana pika gundi vizuri." Nilimpenda yule mzee.

Kazi ikaisha, na hapo ndipo moto ulipowaka. Bondeni ilikuwa mali ya baraza la mji, na chumba hukai bila kazi inayotambuliwa, sembuse mgeni wa nchi nyingine. Msimamizi wa lokesheni, ndivyo serikali ilivyoita mtaa wetu, mzungu kijana mwenye masharubu mekundu (meusi, kwa kamera), aliniita ofisini kwake. Sajini alikuja nami, soksi zimevutwa.

"Wewe nafanya kazi gani sasa?"

"Nachora, bwana. Nachora na kupiga picha."

"Chora nini? Nyumba?"

"Mapazia, bwana."

"Seremala ni kazi. Fundi viatu ni kazi. Hii nani nataka?"

Sajini akapiga saluti. "Bwana, huyu ni fundi hasa. Nasema mimi."

"Sajini, wewe nasema hivyo kwa kila mtu." Kisha akanitazama, bila ubaya, kama mtu anayetaka kwenda kula. "Mvua ikikwisha, mimi nakuja kuona. Kama watu nataka kazi yako, kaa. Kama hapana, chumba napewa mtu ingine, na wewe narudi kwenu na treni."

Basi nikafungua studio kwenye kibanda kando ya mfereji, lile bomba la maji la mtaa mzima, nikitundika siku moja ngazi, siku nyingine Ujiji. Wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ngazi kila mtu alikuwa nayo tayari. Na Ujiji, watu wa Bondeni waliitazama kwa heshima kama unavyomtazama mgonjwa wa jirani, wakapita. Mvua zikaendelea kunyesha, nami nikawa peke yangu Nakuru niliyeomba zisikome. Niliogopa. Kurudi kwetu si aibu, lakini kurudishwa ni kitu kingine, na kule mtumbwini hakuna aliyekuwa ananingoja na brashi.

Ndipo Mzee Hamisi akarudi kutoka Ujiji. Alikaa kibandani kwangu, akavua viatu vilivyolowa, akakataa chai mpaka afikishe salamu.

"Mama yako hajambo. Picha ameiona."

"Ameipenda?"

Mzee Hamisi akakuna ndevu. "Nikuambie alivyosema, au nikuambie vizuri?"

"Niambie alivyosema."

"Amesema, hilo ziwa analiona kila asubuhi anapokwenda kuteka maji, hakuwa na haja ya kuletewa kutoka Kenya. Amesema koti analifahamu, mtoto wa Bi Zaituni naye alituma picha akiwa nalo, na mtoto wa Mwalimu pia. Ameuliza, mna koti moja ninyi watu wote? Halafu akaigeuza ile picha, akatazama na nyuma, akaniambia nikuulize: mwanangu analala wapi?"

Nilicheka, kisha nikaelewa. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile la wale heroe. Nilichora kwa macho yangu. Aliyeachwa nyumbani hana kiu ya nyumbani.

Jioni ile ile nikatanua kitambaa. Nikachora Bondeni. Nilichora safu ya vyumba kama ilivyo, mabati na mabomba ya moshi, na mlima Menengai nyuma umelala. Nilichora kamba za nguo. Nilichora mlango wangu, wa tatu kutoka mferejini, na pazia lake la mlangoni nikalipaka buluu, rangi pekee niliyoitumia, maana ndivyo lilivyokuwa na nilijua kwenye picha litang'aa. Nilichora mfereji wenyewe ukivuja, na dimbwi chini yake, kwa sababu ulivuja tangu nifike. Na pembeni nikachora mama mmoja ameinama akichota maji, mgongo umetugeukia. Katikati nikaacha patupu.

Bondeni nzima ikanicheka. "Mtu alipe apigwe picha mbele ya Bondeni na yuko Bondeni?" Yule fundi viatu wa Ruanda alinishauri nianze kujifunza viatu. Asubuhi ya pili akaja Mama Nekesa, Mbukusu aliyekuwa akiuza uji kwa wafanyakazi wa reli, amejifunga leso kiunoni kwa shari.

"We mtoto wa Ujiji! Huyu ni nani?"

"Ni mtu tu, mama."

"Mtu tu ana leso yangu? Mtu tu ana debe langu lile lilibonyea? Huyu ni mimi! Na kwa nini umenichora mgongo? Uso wangu una makosa gani?"

"Mama, nikikuweka uso mbele, watu watakutazama wewe, wamsahau mwenye kulipa."

Akafikiri. "Hapo umesema. Basi nipige mimi wa kwanza, uso mbele. Nyumbani Kimilili waone pande zote."

Picha hiyo, Mama Nekesa mmoja akitutazama na mwingine akichota maji nyuma yake, ndiyo iliyofungua mlango. Aliionyesha kila mtu aliyenunua uji. Kisha kila mtu akakumbuka kwamba ana mama mahali fulani, naye hajawahi kuuona mji huu. Wapagazi wa stesheni wakaja, yaya wa mzungu akaja, makarani wakaja na tai zao. Walinikataza hata kuwapa koti la chama. "Nataka aone navyokaa," walisema. Kila mmoja aliniomba nimwonyeshe mlango wake uko wapi pale kitambaani, na ambaye mlango wake haukutokea nilimwongezea. Mimi nami nilijipiga mbele yake, bila koti, nikampa Mzee Hamisi ampelekee mama.

Mvua zikaisha, na Msimamizi akaja kama alivyoahidi, na karani wake nyuma. Foleni ilikuwa imefika mferejini. Akaingia, akasimama mbele ya pazia, mikono nyuma.

"Hii ni Bondeni."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini nachora mfereji navuja?"

"Kwa sababu unavuja, bwana."

Akamgeukia karani. "Mimi naambiwa huu mfereji natengenezwa zamani." Karani akapata shughuli ya ghafla na kamba ya kiatu chake. Sajini akakohoa. Mimi nikajiona tayari ndani ya treni.

Msimamizi akaendelea kutazama. Alitazama mlango mmoja mmoja. Kisha akavua kofia, akalainisha nywele kwa kiganja, akauliza, "Mtu nasimama wapi?"

Nikamwonyesha pale patupu. Akasimama pale, kati ya nguo za watu na debe la Mama Nekesa, akanyoosha mgongo. Picha zilipokuwa tayari alichukua mbili, akasema moja inakwenda Uingereza. Kuhusu chumba hakusema neno, na sikuulizwa tena habari za kazi maisha yangu yote. Wiki iliyofuata mafundi wakaja na spana wakatengeneza mfereji. Wenzangu wakataka nifute lile dimbwi kwenye pazia. Sajini akakataa. "Acha. Wakisahau tena, hiyo itawakumbusha."

Sajini alipozeeka, chama kikanipa uenyekiti, pamoja na koti na zamu ya kwenda stesheni. Nilikuwa nikimaliza kazi ya mchana nakwenda kutazama nyuso za kupotea. Niliwasikiliza wake na waume waliogombana, nikachanga sanda, nikawafundisha vijana wachache kupika gundi vizuri kuliko mimi. Nilifanya na kazi za maonyesho ya kilimo, kuchora ng'ombe wa mabango, chini ya bwana mmoja wa mifugo aliyenirudishia kazi mara kadhaa kwa sababu chuchu zilikuwa pungufu. Kumbe naye alikuwa na macho yake.

Muongo ule ukielekea ukingoni, mama akaja. Mzee Hamisi alimleta. Nilimpokea stesheni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kikapu kichwani. Nilitaka kumbeba mgongoni kwa furaha. Tulipofika Bondeni nikataka kumwongoza, akanisukuma mkono.

"Niache. Hapa napajua."

Akapita mbele. Akauona mfereji, akasimama kando yake, akachungulia chini. "Haujavuja leo," akasema kwa mashaka. Akazitazama nyumba, akaenda moja kwa moja hadi mlango wenye pazia jeupe, akabisha na kupiga hodi kwa sauti ya mwenye mji. Ulikuwa mlango wa Mama Nekesa, aliyekuwa ametundika gunia la unga.

"Mama," nikamwambia, "mimi nakaa ule pale."

"Wewe unaniambia mimi? Mlango wako una pazia jeupe. Nimeutazama miaka yote hii kabla ya kulala. Lile pale ni la buluu."

Mama Nekesa akafungua, na mama akamtazama akiingia ndani kupisha, akamwona mgongo. Akapiga kofi. "Ni wewe! Ulipata maji?"

Wakakumbatiana kama ndugu. Mama alikunywa uji kwa Mama Nekesa kwanza, na mimi nikangoja nje ya mlango wa watu, nikiwa mwenyekiti, mpaka walipomaliza. Nilimweleza habari za buluu na nyeupe na macho ya kamera. Alisikiliza, akasema mashine inayoona buluu kuwa nyeupe haifai kuaminiwa na mtoto wa mtu.

Nilistaafu macho yalipoanza kuingia ukungu, wakati picha za rangi zilikuwa zimeshafika na kila duka la dawa linapiga picha. Sina kinyongo. Kazi huja na watu wake, na ikiondoka hutuachia hadithi na mgongo unaouma. Watoto wangu wamezaliwa hapa, wajukuu wanasema Kiswahili ambacho mama yangu angekihitajia mkalimani, na bado kuna mtu huniuliza, mzee, kwenu hasa ni wapi? Siku hizi sijibu. Namwingiza sebuleni, namwonyesha picha iliyo ukutani.

Ilipigwa siku mbili kabla mama hajarudi. Alikuwa akifagia chini ya kitanda changu akalikuta lile pazia la Ujiji limekunjwa, lina vumbi. Akalitandaza uani, akalikagua kama mtu anayenunua khanga. Akasema milima ya Kongo nimeikuza kupita kiasi, na mchikichi wa kushoto ulishaanguka. Alinisimamia nikarekebisha vyote viwili. Kisha akajifunga khanga yake vizuri, akasimama katikati, mahali patupu, akaniambia nimpige.

Nilipompa picha yake aipakie kikapuni, akanirudishia.

"Hii haiendi Ujiji," akasema. "Ujiji wananiona kila siku. Hii itakaa hapa kwako, na wewe uwe unaona mahali ninapolala."